Mbuzi Mwenye Sikio Lililokatwa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusihi usiisome barua hii mbele ya watu. Nenda nayo nyuma ya ghala la karanga, na ukimaliza uichome jikoni. Usimsomee shemeji, wala mama mkwe wako, wala padri. Neno moja likifika Tabora mimi si karani tena, na huenda nikalala mahabusu. Nakuomba kwa ziwa moja tulilonyonya.

Ila kabla ya yote: usinywe tena maziwa ya yule mbuzi niliyekuletea. Hata funda moja.

Unakumbuka zizi la bibi hapo Puge? Ulikuwa unachuchumaa chini ya mbuzi, unageuza chuchu, unanikamulia mdomoni moja kwa moja. "Fungua mdomo, we kijiti! Yakimwagika utayalamba mavumbini!" Yalikuwa ya moto, yananuka manyoya. Nilipokwenda shule Tabora nililia, na kila mtu alidhani namlilia bibi. Nilikuwa nalilia maziwa yale na kicheko chako. Kwa hiyo ulipoandika kwamba una mimba, baada ya miaka yote ile ya kusemwa na wakwe, nilitaka kukurudishia kitu kilekile. Nikakuletea mbuzi mwekundu mwenye sikio lililokatwa, akae kwako kwa desturi yetu, mali yangu, maziwa yako.

Nilikwambia nimempata kwa rafiki. Nilikudanganya, dada. Alitoka katika zizi la ofisi yetu ya mifugo.

Daktari wetu Mzungu anachunguza ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba. Alitoa vijidudu vyake kwa ng'ombe, akamtia mbuzi wa kwanza, aone itakuwaje. Karibu vyote vilikufa. Vichache vilivyobaki akavitoa, akamtia mbuzi wa pili, kutoka kwa huyo akamtia wa tatu, hivyo hivyo. Kila mbuzi alikatwa sikio kwa alama yake. Taarifa ya kwanza niliipiga taipu kwa vidole vyangu: mbuzi haonekani kudhurika. Wa tano, huyo wako, alizaa salama, akawa na maziwa tele, na amri ikatoka achinjwe, azikwe kwa chokaa.

Mzee Feruzi, anayeosha chupa zetu, ndiye aliyemshika kamba. "Karani, mzuri hivi tumfukie? Mgonjwa ni ng'ombe. Huyu kakosa nini?" Nikacheka. Akasema, "Unacheka nini? Una kalamu wewe, mimi nina jembe tu." Nikaandika kitabuni: amechinjwa, amezikwa. Niliandika kwa mwandiko mzuri, ule ambao wewe ulikuwa ukiwaonyesha majirani.

Jumatatu nimepewa taarifa ya pili. Mbuzi wa sita ametupa mimba. Wa saba pia. Vidole vilisimama juu ya taipu, daktari akauliza kama naumwa. Nikamwuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujifunza tu, imekuwaje vijidudu vya ng'ombe vimezoea mbuzi.

"Havizoei, karani. Vinakufa. Lakini katika maelfu huzaliwa kimoja chenye tofauti ndogo. Ndani ya ng'ombe tofauti hiyo haina kazi. Ndani ya mbuzi, ndicho kinachobaki hai, na watoto wake wote wanairithi. Baada ya mbuzi kadhaa, una kizazi kingine kabisa."

Nikawakumbuka wapagazi wa hadithi za bibi, wale waliobaki njiani misafara ilipopita Puge. Alisema walijifunza lugha yetu na kulima kama sisi, hadi wajukuu wao wakawa Wanyamwezi watupu. Nilitaka iwe hivyo, jambo la taratibu, lenye huruma. Sivyo. Hapa hakuna anayejifunza. Asiyefaa anakufa, na aliyezaliwa na tofauti anajaza nyumba nzima.

"Na mtu akinywa maziwa hayo?"

"Ya ng'ombe mgonjwa, yakiwa mabichi, humpa mtu homa inayopanda na kushuka. Mjamzito aogope zaidi. Haya ya mbuzi, bado hatujui."

Bado hatujui! Alisema hivyo huku anatafuta kiberiti chake.

Nilipotoka nikakuta barua yako. Unashukuru. Unasema kila asubuhi unayanywa yangali na joto, kama zamani. Na chini kabisa, kama habari ndogo, unasema mbuzi wawili wa mama mkwe, wanaolala zizi moja na wangu, wametupa mimba, na kwamba anamsingizia jirani yenu Mama Shija jicho baya, amemkataza kuchota maji kisimani kwenu.

Nimesoma mistari ile nimesimama barabarani, mpaka mwenye baiskeli akanitukana.

Dada, Mama Shija hana kosa. Kosa ni langu. Nilikuomba siri hapo juu kwa sababu naogopa, na bado naogopa, lakini sasa nimeandika mpaka hapa naona siri hiyo ingekaa juu ya tumbo lako na juu ya kichwa cha mama wa watu. Basi usiichome. Mpe shemeji aisome kwa sauti, mama mkwe wako akisikia. Wachemshe maziwa yote mpaka yafure. Asiguse mtu kondo la nyuma la mbuzi kwa mikono mitupu. Mbuzi wote wa zizi lile wasitoke, wasiende kwa jirani yeyote, mpaka daktari afike. Wewe usikanyage huko.

Atafika. Kesho asubuhi namwambia mwenyewe, kabla hajavua kofia.

Kwa hiyo usinijibu ofisini. Sijui kama nitakuwepo. Dereva wa lori la ngozi anapita Puge siku ya mnada. Mpe jibu, mwambie alifikishe Gongoni, huku Tabora, kwa fundi cherehani mwenye mlango wa buluu, mkabala na msikiti. Nikiwa mahabusu, fundi ataniletea pamoja na chakula. Usiandike kwamba umenisamehe. Andika tu kama una homa, na kama mtoto bado anacheza.

Mdogo wako,
kijiti