Vitabu vya Karatasi Laini

Jumanne, 1 Juni 1954
Barua ya misheni imefika. Nichague: vitabu kumi na viwili vya kusomea vya jalada gumu, au arobaini na vinne vya jalada la karatasi. Wanafunzi wangu arobaini na watatu! Mwalimu Methodi, aliyeniachia shule hii, kapita kunisalimu. Akasema, chukua vigumu, mwanangu, hapa Kihagara vyepesi havidumu. Nikacheka moyoni. Yeye alizoea kitabu kimoja kwa watoto wanne, wa upande wa pili wakijifunza kusoma herufi kichwa chini. Mimi nataka kila mtoto na chake, akasome na nyumbani. Nimejibu: vya karatasi.

Jumatatu, 19 Julai
Vimekuja! Sanduku lilishukia dukani kwa Salumu. Akaipapasa karatasi, akasema laini hii, mwalimu, laini sana. Nilidhani anasifu.
Scolastika wa darasa la tatu alikikumbatia chake njia nzima. Baba yake, Mzee Flaviani, ameapa: darasa la nne likifunguliwa hapa, ataendelea. Lisipofunguliwa, akae nyumbani aanike dagaa. Na tutapewa mwakani – mkaguzi akiridhika na shule.

Ijumaa, 27 Agosti
Mungu wangu! Leo nimesema fungueni ukurasa wa sitini. Wanatazamana. Kitabu cha kwanza kinaishia hamsini na mbili. Cha pili, arobaini na nane. Cha Scolastika, thelathini na nane! Nikasema panya. Lakini panya gani anang'oa kwa unyoofu vile? Scolastika akaanza kulia. Baba, akasema. Baba na tumbaku yake.
Wazazi wanavuta vitabu! Zamani walisokota tumbaku kwa maganda ya mahindi, sasa mwalimu kawaletea karatasi. Wanaanzia nyuma, ati huko watoto hawajafika. Huruma iliyoje! Karatasi nene ya vile vigumu wasingeigusa, inakwaruza koo. Mwalimu Methodi alijua. Hakufafanua, nami sikuuliza, kwa kiburi changu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu limevunjika.

Jumapili, 29 Agosti
Baada ya misa nilimfuata Mzee Flaviani. Shikamoo. Marahaba, mwalimu. Nikaeleza yote. Alisikiliza kwa adabu kabisa, sigara ya kusokota mdomoni – na herufi zinaungua mbele ya macho yangu! Akasema hawana ubaya, za mbele wamewaachia watoto. Kisha akauliza, kwa upole, hilo darasa la nne linakuja lini?
Nikaaga, nikarudi nyumbani. Nimelia mpaka sauti imekauka.

Jumatatu, 30 Agosti
Mkaguzi anakuja Alhamisi! Nimevikagua vyote. Vizima saba. Majalada yapo yote, hayo wanayaheshimu. Nifanyeje? Niseme mchwa? Ni uongo, na mchwa haanzi ukurasa wa mwisho. Niseme kweli? Basi wazazi hawa watahesabiwa hawataki shule, na darasa la nne tulisahau. Ugali wangu nimewamwagia kuku.

Alhamisi, 2 Septemba
Amefika kwa miguu. Bwana Cuthbert, mtu mpole, amechoka. Nimempa chai na muhogo. Watoto wamejipanga uwanjani, Scolastika mbele, kitabu kwapani. Kwa nje kinapendeza. Naandika hapa chumbani, najifanya natafuta rejista.

Ameniita, nimetoka, nimerudi. Ana tumbaku kiganjani. Ameomba radhi, karatasi zake zimelowa alipovuka mto. Je, mwalimu hana kikaratasi?
Humu ndani hakuna ila daftari hili. Nimeng'oa ukurasa, nimempa. Wa nyuma, kama wao.

Namsikia dirishani. Anakohoa. Anasema asante, mwalimu, ila hii nene mno, inakwaruza koo. Anavitazama vitabu kwapani mwa watoto.
Sasa anamwita Scolastika. Mwanangu, anasema, hebu lete hicho kitabu –