Vijiti Thelathini vya Kukungoja

Usevya,
Jumapili.

Mume wangu mpenzi,

Hujambo, pumzi yangu? Kile kikohozi kimekuacha? Na mama hapo Shanwe, mguu unamruhusu kwenda sokoni? Mimi mzima, ila nimekukumbuka mpaka natabasamu peke yangu, watoto wananitazama.

Najua jana ulikwenda kulingoja lori la mpunga, ukaona magunia yanashushwa, mkeo hayumo. Tafadhali usininunie kabla hujamaliza barua hii.

Unakumbuka nilikuambia darasa langu la pili wanaandika kumi na tano hivi: 105? Si uvivu, mpenzi. Wanasikia "kumi", wanaandika 10. Wanasikia "na tano", wanaongeza 5. Nilieleza mpaka sauti ikakauka.

Sasa nikuungamie jambo. Tangu uliponisindikiza kurudi huku kazini, kila asubuhi naweka dirishani kijiti kimoja cha ufagio. Vikifika kumi navifunga kwa ule uzi uliobaki nilipokushonea kifungo cha koti la harusi. Siku moja Kabula, binti wa Mzee Masanja mfugaji, aliniletea madaftari nyumbani, akaviona.

"Mwalimu, hivi ni dawa?"

"Si dawa. Ni siku ambazo sijamwona mume wangu."

Akaziba mdomo kwa kicheko. "Kumbe Mwalimu naye hukumbuka mtu!"

Asubuhi yake nikavipeleka darasani, aibu nikaiacha nyumbani. Ilikuwa siku ya kumi na tano: fungu moja, vijiti vitano. Nikachora vyumba viwili ubaoni. Mafungu yanakaa kushoto, vijiti visivyofungwa vinakaa kulia. Kabula akatazama, akaandika 15. Nilimkumbatia mbele ya wote!

Furaha yangu haikufika mbali. Ijumaa hii baba yake alikuja. Mzee Masanja alisoma kidogo elimu ya watu wazima, na kwenye daftari la Kabula ameiona ile 105 ya zamani.

"Miaka miwili shuleni, hata kumi na tano hajui. Mama yake ana kazi nyingi. Jumatatu haji."

Nikamsihi aje ampime mwenyewe. "Kesho asubuhi," akasema. "Akishindwa, basi."

Asubuhi ndiyo saa ya lori! Nami nilikuwa nimeshasuka nywele kwa ajili yako.

Jana lori likapiga honi, likapita. Darasani nikapanga vijiti vyangu mbele ya Kabula, nikamweleza baba yake kwamba ni siku ambazo sijakuona. Siku ya thelathini: mafungu matatu, hakuna kijiti cha pembeni. Kabula akaandika 3.

"Siku tatu!" Mzee Masanja akacheka. "Mwalimu, mumeo si umemwacha juzi tu? Twende nyumbani, mwanangu."

Kabula akaanza kulia, na mimi nusura. Hapo nikakumbuka kwamba yule mzee hahesabu ng'ombe wake kabisa. Kwake, kutaja idadi ya mifugo ni kuita mkosi.

"Mzee, ng'ombe mmoja asiporudi zizini unajuaje, nawe huhesabu?"

"Naona pengo lake. Kila mmoja ana mahali pake pa kulala. Yule mwekundu akikosekana, mahali pake panabaki wazi."

Kabula akanyamaza. Akakitazama kile chumba cha upande wa kulia ubaoni, kitupu. "Mwalimu, hapa pana pengo." Akachora sifuri kubwa kama yai la kanga. 30.

Mzee Masanja akainama ubaoni. "Hilo duara ndilo pengo?"

"Ndiyo, baba. Usipoliweka, mafungu yatahamia mahali pa vijiti."

Mzee akaigonga fimbo yake chini mara moja. "Jumatatu atakuja. Nawe Mwalimu, nenda kwa mumeo kabla mafungu hayajajaa nyumba."

Msalimie sana mama, umwambie dawa ya kuchua mguu nimeshampatia. Msalimie wifi yangu anayenimwagilia mchicha, na shangazi aliyetusimamia harusi, mwambie somo lake nalizingatia.

Jumamosi hii nakuja, hata lori likijaa nitakaa juu ya magunia. Nitakuletea mafungu matatu na vijiti saba, uvifungue kwa mikono yako.

Nina viti viwili mezani kwangu. Leo mwalimu mwenzangu alikuja kuazima kimoja, nikamkatalia. Hakikaliwi, lakini si bure. Ni mahali pako.

Mkeo anayekupenda kupita makumi na mamia,
Veronika