Mabegi Gani

Nassim, niko msibani kwa mama mkubwa, nimejifungia chooni. Natokaje humu?

Mwanawe Lyes, yule wa Marseille, alituma ujumbe toka uwanja wa ndege: nimetua, nisubirini.

Imamu akaniuliza, tumsubiri? Mimi mjuaji wa safari nikamjibu, sheikh, zikeni tu. Foleni ya pasipoti peke yake unazeeka, na mabegi bado.

Wakazika. Mama yake mzazi, Nassim.

Hatujanawa hata udongo, teksi hiyo makaburini. Lyes kashuka mikono mitupu.

Nikajiumauma, eti tulidhani unangoja mabegi.

Akaniangalia. "Mabegi gani, Yacine? Nimekuja kumzika mama."

Sasa kuna mtu anabisha mlango. Ni yeye. Anauliza kama nimekula.