Kokoto za Kisima cha Kawangware

Baba yangu,

Ule mkebe wa kokoto haukupotea. Niliumwaga mimi. Niliumwaga kwenye mtaro nyuma ya jiko la shule, nikausuuza kwa maji ya mfereji, na jioni moja, uliponiuliza uko wapi, nikakutazama usoni nikakwambia labda ulianguka njiani. Ukasema, "Basi, mama, vitu hupotea." Ukaendelea kunywa chai yako.

Sijui nianzie wapi tena baada ya hapo. Madam Njeri hutufundisha kwamba barua huanza na habari za nyumbani, basi nitakupa za nyumbani. Bado tuko Lindi, hapa Kibera, chumba kilekile. Mama amegeuza kitanda kikaelekea mlango, anasema hataki kuamka akiangalia msumari uliokuwa ukitundikia koti lako. Sururu na mtaimbo wako wa kuchimbia visima alimpa Ochieng', aliyekuwa akikushikia kamba. Ochieng' alivichukua huku amegeuza uso. Yule Ochieng' wa kukutania kila siku, "Simiyu, wewe unasoma ukuta kama gazeti, na sisi huku juu mikono inaisha kwa kamba!" Sasa yeye ndiye anayeshuka, na kamba inashikwa na shemeji yake. Hacheki sana.

Tulikuzika nyumbani, chini ya Mlima Masaba, kama ulivyotaka. Vijana walipokuwa wakichimba kaburi, watu wote waliimba. Mimi niliangalia ukuta wa shimo. Udongo mweusi kiasi cha shubiri mbili, kisha mwekundu, kisha vijiwe vilivyolegea, vinavyovunjika kwa kidole. Niliona aibu, Baba, kuangalia udongo siku ya kukuzika. Lakini nilikuwa nikijiuliza ungesema nini juu yake, na hakukuwa na mwingine wa kumuuliza.

Sasa nitarudi kwenye mikebe.

Unakumbuka kile kisima cha Mama Wambui huko Kawangware, kilichokuchukua karibu miezi minne. Kila ardhi ilipobadilika rangi au ugumu, ulitia konzi moja kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, ukakwaruza mstari kwa msumari: mmoja, miwili, mitatu, hadi saba. Udongo mwekundu ulikuwa wa kwanza. Jiwe la kijivu la kujengea nyumba lilikuwa la nne na la tano. Mkebe wa sita ulikuwa wa kokoto, laini, za mviringo kama maharagwe, pamoja na mchanga. Ulizimimina kiganjani mwangu ukasema, "Hizi zilisuguliwa na maji. Hapa palikuwa mto kabla ya lile jiwe kuja." Nikacheka. Nilikuwa nimeingia tu kidato cha tatu, nina kitabu. Nikakuuliza, mto utaingiaje chini ya mwamba? Hukubishana. Ulisema tu, "Anayeshika kamba habishani na aliye chini, mama. Aliye chini ndiye anaona."

Nilitaka mikebe yako kwa maonyesho ya shule, na ukanipa yote bila swali. Lakini kitabu changu kilikuwa na mchoro: udongo juu, mawe yaliyolegea katikati, mwamba mgumu chini hadi mwisho wa picha. Mkebe wa sita haukuwa na mahali pake. Niliogopa majaji waseme vitu vya mtu asiyesoma vimechanganyika. Kwa hiyo nikaumwaga. Nikakwangua mistari yako kwa jiwe, nikabandika karatasi zenye mwandiko wangu mzuri.

Siku ya maonyesho ukaja. Nilikuwa sikutarajii. Ulikuwa umepiga randa ubao wa kupangia mikebe, ukaubeba kwa miguu kutoka Kibera, na matope mekundu yalikuwa yamekauka miguuni hadi magotini. Ukasimama mlangoni mwa darasa. Ciru, yule ninayeketi naye, akaniuliza, "Huyo ni nani yako?" Wasichana wa Kidato cha Nne walikuwa wamesimama hapo karibu, wamevaa viatu vyao vinavyong'aa.

Nikasema, "Ni mtu ameleta ubao."

Ulisikia. Najua ulisikia kwa sababu ulinijibia. Ulimwambia Ciru kwa upole, "Ndiyo, mimi ni wa ubao tu." Ukauweka mezani, ukaupangusa kwa mkono wa shati. Macho yako yakapita kwenye mikebe, na midomo yako ikasogea kidogo, ukihesabu. Sita. Kisha ukaaga kama mgeni.

Nilipata nafasi ya kwanza. Sanduku la mikebe likawekwa kwenye kabati la vioo la chumba cha jiografia, na karatasi juu yake: "Imekusanywa na Nafula Simiyu." Hukuwahi kuuliza zaidi ya ile jioni moja. Baadaye vumbi la mawe likamaliza kifua chako, na nilikaa kando ya kitanda chako wiki tatu nikiwa na maneno haya mdomoni, nikikuuliza kama unataka uji.

Mwezi uliopita Madam Njeri alitupeleka kuona mawe. Tulianzia kwenye machimbo ya mawe, upande wa Dagoretti, mahali palipokatwa kama keki. Madam akasema tuangalie ukuta, tuandike tunachoona, tusiandike tunachojua. Nikaangalia. Juu kulikuwa na jiwe la kijivu, lile lako la nne na la tano. Chini yake, mstari mwembamba wa kokoto za mviringo.

Sikuweza kuandika. Madam alieleza kwamba milima ya moto ya upande wa Bonde la Ufa ilitapika majivu ya moto, yakamwagika huku yakifunika kila kitu, vilima na mito, kisha yakashikana yakawa jiwe. Mto haukuingia chini ya mwamba. Mwamba ndio uliokuja juu ya mto. Ulikuwa umeniambia hivyo hivyo, kwa maneno machache.

Kisha tukaenda kwenye kilima cha Lukenya. Baba, ungepapenda. Mawe ya pale yana mistari myeupe na myeusi iliyojikunja kama blanketi lililosukumwa ukutani. Madam alisema yalikuwa matope na mchanga, yaliyotulia chini ya maji matabaka kwa matabaka. Halafu vipande viwili vikubwa vya dunia vikasukumana, vikayakunja na kuyapika chini, na juu yake ukainuka mlima ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona, mrefu kuliko Masaba mara mbili labda. Mvua iliula wote. Tunachokanyaga pale Lukenya ni mizizi tu. Nikauliza, sasa mlima wenyewe uko wapi? Akasema uko mabondeni. Kila punje iliyotoka juu ilibebwa na mito ikashushwa mahali pa chini palipokuwa pakizama, tabaka juu ya tabaka, ya zamani chini, mpya juu. Anayetaka kujua mlima uliokufa ulikuwaje huenda kwenye bonde, akashika mchanga. Punje kubwa zenye pembe zinasema mlima ulikuwa karibu na mkali. Punje laini zinasema umekwisha kuchoka. Ukiondoa tabaka moja, akasema, umeondoa miaka ambayo hairudi.

Hapo nikalia mbele ya darasa zima. Ciru alidhani nakulilia wewe. Ni kweli, lakini si yote.

Nilimweleza Madam siku iliyofuata, habari ya mkebe na nililolisema pale mlangoni, yote mawili. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ule uliomwaga ndio ulikuwa na habari." Cheti changu cha nafasi ya kwanza amekitoa ukutani. Ijumaa ni siku ya wazazi, na sanduku litawekwa tena mezani, bila mashindano, nikiweza kulirekebisha. Nisipoweza, litarudi kabatini bila jina la mtu.

Mtaro wa jikoni niliupekua. Hakuna kitu.

Kwa hiyo Jumamosi nilikwenda Kawangware. Mama Wambui alinikuta nimesimama langoni kama mwizi. Nikamwambia mimi ni wa Simiyu wa kisima. Akaniangalia juu chini, akasema, "Aii, wewe ndiye msichana wa mawe? Si umekawia!" Akanishika mkono hadi nyuma ya nyumba. Pale karibu na ukuta kulikuwa na rundo dogo limefunikwa bati. Kokoto zako. Aliniambia ulirudi kumalizia mfuniko wa kisima, ukamsihi asizimwage njiani na asizichanganye na takataka. "Mimi nikamwambia si uzibebe wewe, mzee? Akakataa. Akasema kuna msichana wake atazijia."

Nilimuuliza hiyo ilikuwa lini. Ilikuwa wiki moja baada ya maonyesho.

Baba, ungeweza kujaza mkebe mwingine ukaniwekea kwenye meza. Ungeweza kunichapa. Uliziacha zinisubiri, na mimi nikachelewa.

Mkebe wa sita umejaa tena. Mistari nimeikwaruza upya kwa msumari, na zile karatasi za mwandiko mzuri nimezitoa. Iliyobaki ni moja tu: "Kisima cha Kawangware. Kimechimbwa na kusomwa na baba yangu, Simiyu." Ijumaa nitasimama kando yake, na kila atakayepita nitamweleza nilichokifanya, hata wale wa Kidato cha Nne. Mama atakuja. Naogopa sana.

Lakini kuna jambo moja siwezi kulirekebisha. Madam anasema kokoto za mto hulala zikiegemeana, na zilivyoegemea ndivyo unavyojua maji yalikuwa yakienda wapi. Ndani ya mkebe hazisemi tena. Wewe uliziona ukutani, kwa taa yako, kabla hujazigusa. Labda uliliona na hilo. Sikukuuliza.

Ochieng' amepewa kisima kingine Januari, ploti inayopakana na ya Mama Wambui. Nimemwomba anishushe akifika kwenye kokoto. Alisema, "Msichana kwa shimo? Simiyu atanifufukia!" Baadaye akasema tutaona. Mama hajakubali bado, lakini hajakataa.

Pumzika, Baba, kwenye udongo wako wa nyumbani. Nikishuka sitagusa kitu kwanza. Nitaangalia, kisha nitakuja kukwambia mto ulikuwa ukielekea wapi.

Mtoto wako,
Nafula