Kikombe Kimoja cha Bisi

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Tumerudi Ndhiwa na Mama, mama yake mume wangu Joash. Daktari wa Homa Bay amekataa kumpasua goti mpaka apunguze kilo sita. Chai ya jioni na mandazi ndiyo inayommaliza! Nikampa dawa yangu — bisi. Nilishasoma kwenye simu: kikombe kimoja, kalori thelathini. Nikamwambia achukue mahindi ya bisi kikombe kimoja tu, kila jioni, na mandazi ayasahau. Alifurahi. Eti kumbe mwanawe kuoa Mkuria kuna faida. Nimejisikia mtu!

Jumanne, 16 Septemba

Mama anafuata maagizo kuliko darasa langu zima. Nikitoka shuleni nakuta ameshakula, ameshaosha na sufuria. Leo kaniambia, akiniita binti wa Wakuria kwa Kijaluo chake, "Nyar Kuria, hii kikombe yako inashibisha! Natafuna mpaka taya inauma." Nimecheka sana. Kikombe kimoja cha bisi! Nikamwambia Joash mama yake ameanza kudeka.

Alhamisi, 2 Oktoba

Homa Bay tena. Ameongeza kilo mbili. Ameongeza!

Daktari, kijana mdogo tu, akavua miwani akasema kuna kitu mama anakula kwa siri. Mlango wazi, foleni nzima inasikia. Mama akaapa: anakula chenye nyar Kuria amempimia, basi. Akanigeukia nimtetee. Mimi nikatazama sakafu. Kusema kweli nilimwamini daktari. Upasuaji umesogezwa mpaka mwakani. Jioni Joash ameficha sukari juu ya kabati, Mama akimwona.

Jumamosi, 4 Oktoba

Hakuna shule leo. Nimemkuta Mama jikoni akipika bisi zake. Alichukua kikombe cha bati, kile kikubwa cha chai, akakijaza mahindi makavu mpaka pomoni. Mafuta akamimina bila kupima. Zikaanza kupasuka, zikainua kifuniko, zikamwagika mpaka mekoni.

Nilimwambia "mahindi". Sikusema "zilizopasuka"! Zile kalori thelathini ni za kikombe cha bisi zilizokwisha kupasuka, tena bila mafuta. Nilijifungia chooni na simu nikahesabu upya. Zaidi ya elfu moja. Kila jioni, na maskini anazimaliza zote kwa sababu aliambiwa ni dawa. Na mimi ndiye mwalimu wa hesabu!

Nilitoka nikiwa nimeamua kumwambia. Akanisogezea sinia. "Onja, nyathina," yaani mwanangu. Nikaonja. Nikasema tamu. Naona haya hata kuandika.

Jumapili, 5 Oktoba

Baada ya kanisa Joash alimwuliza mama yake tena: anakula nini, na saa ngapi? Safari hii Mama hakubisha. Alisema labda huamka usingizini akala bila kujijua. Kwamba huenda kichwa kimeanza kuzeeka kabla ya goti. Akalia. Mama, ambaye sijawahi kumwona akilia hata siku tuliyomzika Mzee wake! Joash akaniangalia mimi. Nikainuka, nikasema naenda kutazama kuku. Kuku gani? Tuliuza wote Agosti.

Niliporudi Mama alikuwa amefunga mlango wa jikoni kwa kufuli. Ufunguo akaniwekea mkononi. "Kaa nayo wewe. Mimi sijiamini tena. Ni wewe tu naamini."

Sasa uko mfukoni, unanichoma paja ninapoandika. Joash amelala kochini. Maneno ninayo mdomoni, ni machache tu — Mama, nilikosea, hukula kwa siri — na bado nimeng'ang'ania kalamu.

Mama anagonga mlango wangu. Polepole, kama mgeni. Anaomba nije nimfungulie jikoni achukue mahindi. Kikombe kimoja tu, anasema. Na nisimame pale pale nimwangalie, asije akazidisha.