Mti wa Mbegu wa Xiangkeng

Dianbai,
Mwezi wa tano, baada ya sikukuu ya mashua

Mdogo wangu mpendwa Zhaolin,

Pokea salamu zangu, na umpe nusu yake shangazi anayekuficha. Kifua chako kinaendeleaje? Nauliza kwa sababu juzi nilipompigia shangazi simu, aliniapia kwamba hajakutia machoni tangu mwaka mpya, na papo hapo nikasikia mtu akikohoa nyuma yake. Kikohozi kile nimekilea mwenyewe tangu mama alipotuacha, siwezi kukisahau. Usimlaumu shangazi. Uongo hauwezi, alijitahidi tu.

Sisi huku tunaishi. Peipei anaota meno ya juu na hataki kulala chini, anataka mgongo wangu tu, hivyo hata sasa ninakuandikia nimesimama kwenye kaunta ya jikoni huku nikimtikisa. Shemeji yako bado yuko Zhuhai kwenye ujenzi. Mama mkwe mgongo unamsumbua lakini mdomo uko salama. Mimi ni mzima ila nimechoka, Zhaolin, nimechoka mpaka kisu kinanitoka mkononi.

Simu yako imezimwa, ndiyo maana nimeshika kalamu. Kabla sijaendelea nina ombi. Watu wa bosi wako Kuang wakija hapo kukuchukua, usipande gari lao. Soma barua hii yote kwanza. Ukishaisoma utaamua mwenyewe, wewe si mtoto tena, ingawa mimi nashindwa kukuona vingine.

Unaikumbuka siku uliyoniletea gunia. Uliniambia ni udi wa shamba la Kuang, kwamba upepo umeangusha miti kadhaa na bosi anataka kazi iishe kabla ya jioni. Nilifurahi kukuona, sikuuliza mengi. Ulikunywa uji wa wali na figili za chumvi, ukajitupa kwenye benchi na viatu vyako, ukalala. Mimi nikakaa mlangoni penye mwanga, Peipei mgongoni, nikaanza kuchokoa mbao nyeupe na kubakiza nyeusi yenye udi kama kila siku.

Vipande vichache tu, nikaona kuna jambo. Wewe umefanya kazi shambani kwa Kuang, unajua miti yake ilivyo. Kila mti umetobolewa kwa keekee, matundu yamepangwa kama vifungo vya shati, na udi unakaa kuzunguka tundu, kidogo kidogo. Vipande vya gunia lako havikuwa na tundu hata moja. Vilikuwa na kidonda cha zamani, kimefumba midomo yake, na weusi umeingia ndani kwa mawimbi. Ulikuwa unanukia kabla haujaona moto. Tangu nilipokuwa nakaa miguuni kwa mama na kisu changu kidogo, sijawahi kushika udi kama ule.

Nilitaka kukuamsha. Nilikutazama umelala mdomo wazi, nikaona nikuache. Nikajiambia labda Kuang kanunua mti kwenye bustani ya mzee fulani. Mtu mwenye kazi mkononi hupata tu la kujiambia. Nikaendelea mpaka gunia likaisha, na mwisho nikachukua changu, kama tunavyofanya sisi wanawake wa kisu: kipande kimoja, kisichozidi kidole gumba, ambacho mwenye mali anajua kimechukuliwa na haulizi. Nilichagua chenye gome, kwa sababu kilikuwa kizuri. Sikuwa na sababu nyingine, naapa. Ukaamka, ukabeba gunia, ukambusu Peipei kichwani, ukaondoka bila kunitazama.

Habari niliipata sokoni kutoka kwa wachuuzi wa udi. Walikuwa wanacheka. Mmoja alisema huko kijijini kwetu Xiangkeng mlinzi kalala na mti umeondoka kwa miguu yake. Mwingine akajibu kwamba mti ule ulichoka kuangalia wazee wakikoroma. Nikauliza mti gani. Wakaniambia ni ule mkubwa wa nyuma ya hekalu, wenye kibao cha serikali, ule ambao hata mwenye ardhi haruhusiwi kuukata. Nilisimama pale na kapu langu.

Mti wetu wa mbegu, Zhaolin. Hakuna kitalu Xiangkeng ambacho miche yake haikutoka kwake. Hata miti ya Kuang anayojivunia imebebeshwa juu ya mizizi ya watoto wake. Kila mwaka matunda yanapopasuka tunatandaza nyavu, na kila nyumba inapata kipimo sawa, iwe ya mwenye mali au ya mjane, na lazima mbegu ziingie udongoni upesi kabla hazijafa. Ulikuwa unapigana na nyigu kugombea mbegu hizo. Mara nyigu walishinda, mara wewe.

Sijapata kupumua vizuri, Kuang akaja nyumbani. Alileta kapu la matunda, akakaa kwenye kigoda kama ndugu, akamwachia Peipei funguo za gari achezee. Alimsifu mama mkwe kwa afya yake, akaisifu chai. Kisha akasema mikono yangu inajulikana soko zima, na akauliza kwa upole kama nilibaki na changu katika gunia lile, maana askari wa misitu wanazunguka wakipekua hadi majiko ya watu, naye hapendi mama mwenye mtoto mdogo asumbuliwe.

Nilimwambia nilikichoma. Nilisema nilimfukizia marehemu mama tarehe mosi, kwenye picha yake.

Akacheka sana. "Basi marehemu kanufaika kuliko mimi, Mama Peipei. Mimi hata moshi sikuupata."

Nami nikacheka, Mungu wangu, nilicheka naye huku kipande kiko ndani ya soksi ya mtoto, na mtoto kaivaa. Alipoinuka kuondoka alichukua funguo zake, akamwinamia Peipei akamwambia, "Mjomba wako ni mwoga kuliko wewe. Mwambie miti miwili bado imesimama kule, na mvua ikianza njia inakuwa matope." Alimwambia mtoto, lakini macho yalikuwa kwangu. Mama mkwe, asiyejua lolote, alimsindikiza hadi barabarani akimshukuru kwa matunda.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hajamalizana na wewe. Ile miche mizuri aliyokuahidi, ili upate shamba lako uoe, hataitoa mpaka umpeleke tena. Na siku mkikamatwa, atakuwa mahali pengine anakunywa chai, na shoka litakuwa mkononi mwako. Wewe ndiye unayejulikana na mbwa wa Xiangkeng. Wewe ndiye wasiyembwekea ukipita.

Kesho yake nikamfunga Peipei mgongoni, nikapanda basi la asubuhi kwenda Xiangkeng. Ukitokea barabarani utadhani hakuna kilichobadilika, mpaka upite hekalu. Pale mwanga umekuwa mwingi mno. Matawi waliyaacha, waliondoka na shina peke yake. Matunda yametapakaa chini, mabichi, kijani, yameanza kusinyaa, hata moja halikupata kupasuka. Watu wanapita kando wakiangalia ardhi.

Baba mdogo Jinshui alikuwa amekaa kwenye jiwe karibu na kisiki. Unajua usiku ule zamu ilikuwa yake. Wamemtoa kwenye ulinzi. Mke wa jirani alipopita alitema mate, si mbele yake hasa, lakini karibu ya kutosha. Baba mdogo amekipaka kisiki nta na kukifunika kwa majani ya mgomba ili jua lisikiue, anakimwagia maji mara kwa mara. Wote wamemuuliza nani alimpa pombe, kwa kuwa hanunui pombe mwenyewe, naye hajibu. Wanasema kauza mti.

Nilimvua Peipei soksi, nikatoa kipande. Nilikizungusha pembeni mwa kisiki, nikitafuta. Palikuwa na pengo pale kidonda cha zamani kilipoanzia, gome limechanika. Kiliingia, Zhaolin. Gome likashika gome, mstari mweusi ukaungana na mstari mweusi. Nilikiondoa haraka kama kimeniunguza.

Baba mdogo alikuwa ananitazama. Nilidhani atanifokea. Alisema taratibu, "Mdogo wako aliniletea chupa kwa mikono miwili, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Akaketi, akanimiminia, akaniuliza habari za miguu yangu. Sasa mimi ningewaambiaje watu?"

Nilimuuliza anataka nifanye nini. Akasema yeye ameshanyamaza na hajui kuacha. Lakini kisu ni changu na mdogo ni wangu.

Sasa nikwambie nililolizungukia tangu mwanzo. Nisamehe au usinisamehe, lakini uwe umelisikia kutoka kwangu.

Sikurudi nyumbani moja kwa moja. Niliteremka kwenye kituo cha misitu, nikaweka kile kipande juu ya meza ya afisa, mama mmoja wa makamo anayeitwa Bi Ou. Nikamweleza yote. Gunia, benchi, saa uliyokuja, maneno yako, maneno ya Kuang. Nikamwambia aliyechokoa udi ule ni mimi, na kwamba nilijua kabla sijaumaliza. Nikamwambia jina lako kamili. Peipei alikuwa analia, ikabidi nimnyonyeshe huku yule mama akiandika. Hakuna aliyenilazimisha. Hakuna aliyenitisha isipokuwa Kuang, na ningeweza kumwogopa nikanyamaza kama wengine.

Utasema dada gani anayefanya hivi. Nimejiuliza mwenyewe, njia nzima kwenye basi la kurudi. Ningenyamaza, Kuang angekuja kukuchukua, na ungekwenda, maana ukiahidiwa kitu huwezi kusema hapana. Huo ndio udhaifu wako tangu utotoni na ninaujua kuliko anavyoujua yeye. Mti wa kwanza umeshaanguka na utaujibia. Ila wa pili na wa tatu sitakaa nikichokoa udi mlangoni nikisubiri habari zake kwa wachuuzi.

Bi Ou hakuniahidi kitu, nisikudanganye. Alisema mtu anayekuja kwa miguu yake mwenyewe hatazamwi sawa na anayefuatwa, na anayesema nani alimtuma hatazamwi sawa na anayembebea mwingine mzigo. Jela bado ipo. Nilimwomba asitume watu kwa shangazi mpaka nikuandikie. Alifikiri, akasema watangoja hadi Jumatatu, kwa sababu wanamtaka Kuang kuliko wanavyokutaka wewe. Kuhusu kisiki, alisema huenda kikachipua, huenda kisichipue. Hata kikichipua, wewe na mimi tutakuwa na mvi kabla mbegu hazijarudi kuwa nyingi kama zilivyokuwa.

Kwa hiyo panda basi la Jumapili. Vaa lile koti la bluu, asubuhi kuna ukungu na kifua chako hakipendi. Usimwage Kuang, usimpigie, usimrudishie chochote. Nitakuwa kwenye kituo cha mabasi na Peipei. Tutakula kwanza, nitakununulia tambi za nyama unazozipenda, hatutazungumza habari hizi mpaka ushibe. Kisha tutaingia kwa Bi Ou pamoja, kwa sababu mimi nami nina la kujibu, na sitaki kulijibu nikiwa nyuma ya mgongo wako. Mama mkwe nimeshamwambia. Alilia, akanitukana, halafu akasema atamlea Peipei ikibidi. Shemeji yako bado hajui. Nitamwambia nikishajua nimwambie nini.

Usipokuja nitaingia peke yangu. Jina langu nitalitaja la kwanza, na lako la pili.

Nisalimie shangazi, mwambie sijamkasirikia na mahali pa kulala wageni bado pako pale pale akitaka kuja. Baba mdogo anakusalimu, alisema nikuandikie hivyo hivyo, kwamba anakusalimu. Peipei anakuita, anasema "jo, jo," na mama mkwe anabisha kwamba anaita jogoo, lakini mimi najua anamwita mjomba wake.

Nakungoja Jumapili.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Ruilian