Mstari wa Njia ya Nne

Wodi ya Wanaume, Kitanda cha Sita
Jumanne, tarehe 9 Juni

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na mapacha mna afya, na kwamba goti lako halikusumbui tena kwenye baridi ya huko. Yangu usiulize. Muuguzi alitaka kuninyang'anya hata kalamu. Nikamwambia nimefundisha miaka thelathini na saba, kalamu yangu haiguswi.

Nimekuficha jambo kwa miaka ishirini na miwili. Kila mwaka unaniandikia kunishukuru kwa kukutetea mbele ya kamati. Sikukutetea. Nilikunja mikono nikakutazama, na ulipotoka nje nilipiga kura ufukuzwe.

Usianze kulia. Siombi huruma yako, na sijawahi kupenda unavyoniita baba yako wa pili.

Ulipoteuliwa kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza idara ya michezo chuoni kwetu, kiti kile kilikuwa changu. Asubuhi walinistaafisha, mchana wakabandika jina lako mlangoni, nami wakaniacha niwe mjumbe wa kamati ya chuo kwa heshima ya mvi. Mwalimu wa mpira akaniuliza mbele ya wanafunzi, "Mzee, sasa ukitaka ruhusa utampigia magoti mpwa wako?" Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi ndiye niliyekufundisha kukimbia. Sikukufundisha kunipita.

Mashindano yale ya vyuo unayakumbuka kuliko mimi. Ulipima uwanja pamoja na mtunza uwanja, yule tuliyemwita Rula kwa sababu hakuamini kipimo mpaka akirudie. Ukasaini fomu ya ukaguzi, mkafunga ghala la chokaa ya kuchorea mistari, mkaenda kula. Alasiri msichana wa njia ya nne akavunja rekodi ya mita mia nne, na uwanja mzima ukasimama. Kisha waamuzi wakapima. Mstari wake wa kuanzia ulikuwa umesogezwa mbele mita saba. Matokeo yakafutwa, na saini kwenye fomu ilikuwa yako.

"Mimi na mama mkuu wa idara tulipima mara mbili," Rula aliiambia kamati. "Mstari huo si wetu."

"Basi umejichora wenyewe!" akajibu mwalimu wa mpira. Nami nilicheka pamoja nao.

Rula alifukuzwa siku moja na wewe. Alifariki akiwa mlinzi wa lango la kiwanda. Mwaka juzi uliniandikia kwamba umeshamsamehe. Hakuwa na kosa la kusamehewa.

Sasa umeongoza michezo ya chuo kikuu huko ugenini, na chuo chetu kinakutaka tena. Juzi mwenyekiti wa kamati aliketi hapa kitandani. "Mzee, doa la ile fomu lisipopata maelezo kufikia Ijumaa, tunalikata jina lake." Nikamwambia nimechoka, aende. Nilitaka Ijumaa ipite. Hata sasa, nikikuwaza umekaa kwenye kiti kile, moyo wangu haufurahi, na sitajifanya kwamba unafurahi.

Lakini Rula haondoki kichwani mwangu. Anapima, anarudia kupima, na mstari haumkubali. Leo asubuhi nimemwita mwenyekiti nikampa maelezo yangu, nimeyasaini. Kiti ni chako ukikitaka. Atakutumia barua hii leo hii. Nimetaka uyapate kwa mkono wangu, si wake.

Msalimie mumeo, na mapacha uwabusu. Msalimie pia dada yangu, mama yako, lakini usimsomee barua hii. Acha abaki na kaka anayemjua. Mungu akulinde, na akuepushe na watu wa aina yangu. Utawakuta wengi kwenye kamati.

Ndani ya bahasha kuna ufunguo. Mlidhani ghala la chokaa lina funguo mbili tu, wako na wa Rula. Huu ni wa tatu. Sikuurudisha nilipostaafu, na siku ile mlipokuwa mnakula niliutumia.

Ni mimi mjomba wako,
niliyeuchora mstari ule.